Siku Nilipoozwa kwa Wapiga Gitaa

Mwaka ule wimbo wao ulinifuata kila nilikokwenda. Ulinikuta kwa daktari wa meno nimefunguliwa kinywa, siwezi hata kulalamika. Ulinikuta kituo cha mafuta nje ya Cleveland, ukanikuta kwenye duka la viatu, na kule Buffalo, jikoni kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi, mpishi aliupandishia sauti kila ulipoanza. Unaanza na gitaa moja linalokwaruza, halafu ngoma, halafu makofi na vigelegele. Wenye gitaa na ngoma ni vijana wanne wa Uingereza ambao kabla ya hapo sikuwahi kuwasikia. Makofi na vigelegele ni vya mama zangu wa kanisani, wa Lower West Side, hukohuko Buffalo. Na bibi harusi anayeonekana kwenye video ya wimbo huo, analia mpaka pua imevimba, ni mimi.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikieleza haraka haraka watu hucheka, na jambo lile lilikaribia kuninyima mume.

Wale vijana walikuja Buffalo wakati wa baridi. Walitaka kupiga video yao ndani ya kiwanda cha zamani cha matofali mekundu karibu na mto, jengo ambalo paa lake limetoboka upande mmoja na theluji inaingia itakavyo. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: mwimbaji anampenda msichana, msichana anaolewa na mwingine, mwimbaji amesimama pembeni anaimba kwa uchungu. Na hiyo harusi waliitaka iwe ya Kiafrika. Afrika ipi, hawakusema. Walimwambia dada mmoja wa kanisani kwetu aliyejuana na watu wa kamera: tutafutie akina mama wenye nguo za kufanana. Jamani, hilo nalo ni la kuuliza? Mama zetu wana kitenge cha kufanana cha harusi, cha matanga, cha Pasaka, na kingine wamekiweka akiba tu, hawajui hata cha nini. Siku hiyo walivaa kile cha bluu chenye ndege wa njano, na kila mmoja akabeba vingine viwili mkobani, kama wanavyobeba siku zote wakienda harusini.

Mimi sikuitwa. Mimi nilikuwa dereva. Niliwapeleka, nikataka kukaa ndani ya gari na joto langu, lakini ikabidi niingie niwe mkalimani pia. Msichana waliyempanga kuwa bibi harusi hakutokea; nadhani baridi ilimshinda kutoka kitandani, na simlaumu. Mkurugenzi wa video, bwana mrefu mwenye kofia ya sufu, akanitazama nimesimama na funguo mkononi, akasema huyu anafaa. Nikavalishwa gauni jeupe juu ya sweta langu. Ukiangalia kwa makini utaliona sweta shingoni.

“Waambie wajifanye tu,” yule bwana akaniambia. “Wajifanye ni harusi.”

Nikatafsiri. Mama zangu wakatazamana.

“Kujifanya namna gani?” mama yangu mzazi akauliza. “Tunaimba ao hatuimbi?”

“Muimbe.”

“Tunatandika ao hatutandiki?”

“Mama, mtandike. Yote. Fanyeni yote.”

Basi wakafanya yote. Kwetu, siku binti anatoka nyumbani, akina mama hutandika vitenge vyao chini, kimoja mbele ya kingine, kutoka mlangoni mpaka waliposimama watu wa bwana harusi. Binti hutembea juu yake polepole, mama yake kamshika mkono, na kuna wimbo unaoimbwa hapo tu, hauimbwi jikoni wala njiani. Binti hutandikiwa siku moja katika maisha yake. Mimi nililelewa kambini Tanzania, ambako watu walioana kati ya foleni moja ya mgao na nyingine, na hakuna aliyekuwa na kitenge cha kutupa chini. Kwa hiyo habari za kutandika nilizisikia tu. Sikuwahi kuona, sembuse kukanyaga.

Waliposhika ule wimbo ndani ya lile jengo tupu, sauti zikapanda mpaka kwenye paa bovu, nikalia. Wala sikuigiza. Nilimkumbuka baba, aliyezikwa kule kambini nikiwa mdogo, nikaona kwamba hii ndiyo sauti ambayo angetakiwa kuisikia akiwa ameketi na suti yake. Mama zangu nao wakalia, wakiwa wanaimba na kucheza huku wanalia. Wale vijana wa Uingereza waliacha kupiga vyombo vyao wakabaki wanatutazama. Mkurugenzi alifurahi sana, na makofi na vigelegele vyetu baadaye wakaviingiza kwenye wimbo wenyewe.

Kilichotuchelewesha ni mama. Mwisho wa vitenge alisimama mpiga ngoma wao, kijana mwenye nywele nyekundu, amevaa suti ya bwana harusi. Mama alitakiwa afike kitenge cha mwisho, aniachie mkono, nishikwe na yule kijana. Mama hakuachia. Mkurugenzi akapiga kelele, tukarudi mwanzo. “Mama, achia mkono,” nikamwambia. “Nimesikia,” akasema. Tukatembea tena, tukafika, mama amenikamata kama tunavuka barabara kubwa. Tukarudi tena. Akina mama wanaokota vitenge na kutandika upya, vidole vimekufa ganzi, mimi nimekasirika mpaka machozi yamekauka, nikadhani kamera zimemchanganya mama wa watu. Mwishowe yule bwana akachoka, akasema basi, itafaa hivyo hivyo. Tukapewa supu, tukarudi nyumbani. Kwangu mambo yaliishia hapo.

Thubutu. Wakati ule nilikuwa na mchumba Columbus, Mkongo mwenzangu, mpanga mizigo kwenye ghala, mtu mpole kupita kiasi. Mimi nikiwaka, yeye ananyamaza mpaka nione haya mwenyewe. Watu wake walikuwa wameshakuja Buffalo kupiga hodi, na harusi ilikuwa imepangwa majira ya joto. Aliyemlea ni shangazi yake. Wazazi wake walipotea vitani, na huyo shangazi ndiye aliyembeba mgongoni kutoka Uvira mpaka ng'ambo ya ziwa. Yeye kuoa bila baraka ya shangazi ni jambo ambalo hata sikuthubutu kumwomba.

Video ikatoka. Wimbo ukapanda, ukawa wimbo wa kila redio. Wajukuu wa shangazi wakamwonyesha kwenye simu, wakifurahi kwamba bibi harusi wa baba yao mdogo ni mtu maarufu. Jioni yake mchumba wangu akanipigia.

“Bon,” akaanza, na mimi nikaketi kabisa, maana huyu mtu akianza na bon ujue kuna ubaya. “Kuna kashida kadogo. Shangazi anasema weye umeshatolewa.”

“Nimetolewa wapi?”

“Kwenu. Anasema ameona vitenge.”

Nikacheka. Nikacheka sana, nikamsubiri naye acheke, hakucheka.

Jumamosi nikaendesha peke yangu mpaka Columbus. Barabara yote nilikuwa nabishana na shangazi kichwani, namshinda kila mara, hadi napiga usukani. Nilikuta ameandaa chai ya maziwa na mandazi, meza imefunikwa kitambaa, na yeye mwenyewe ameketi, mama mfupi mwenye miwani inayokaa kwenye ncha ya pua. Alinikumbatia. Aliniuliza hali ya mama, hali ya barabara, hali ya kazi. Akanimiminia chai. Halafu akaanza, kwa kile Kiswahili cha Uvira ambacho wa husemwa ba.

“Nani alitandika?”

“Mama zangu wa kanisa, shangazi.”

“Balikodiwa?”

“Hapana. Wenyewe.”

“Wimbo uliimbwa? Ule wenyewe?”

“Ndiyo.”

“Mama yako alikuwa kule?”

“Alikuwepo.”

“Donc, kilibaki nini?”

Nikaanza kumweleza kwamba ilikuwa video, kwamba yule mpiga ngoma simjui hata jina, kwamba baada ya kupiga picha alikwenda zake kula biskuti. Akainua mkono.

“Mutoto, miye siko mujinga. Naelewa video. Bale bazungu balikuwa banacheza, sina shida nabo. Nakuuliza juu yenu. Ninyi mulikuwa munacheza? Kile kilio chako, kilikuwa cha kucheza?”

Ningesema ndiyo. Neno moja tu, ningesema ndiyo tukamaliza. Lakini alikuwa ananitazama juu ya miwani, na chai yake ilikuwa tamu, na uongo ukanishinda. Nikamega andazi.

“Unaona,” akasema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. “Siwezi kwenda kupokea binti kwenye vitenge bya mara ya pili. Batu batasema nini? Batasema niliokota mutoto wa batu njiani. Si sababu nakuchukia. Nakupenda. Lakini kwanza ninyi kwenu mukae, muniambie: huyu binti mulimutoa ao hamukumutoa?”

Nikarudi Buffalo nimevimba. Kuanzia siku hiyo sikutulia. Nilikuwa nafagia nyumba iliyofagiliwa. Nilikuwa natoka kazini, napita nyumbani bila kusimama, naendesha mpaka ziwani, nageuza gari, narudi. Nikiketi, mguu unacheza wenyewe. Na kila nilipowasha redio, gitaa lile, ngoma ile, makofi yale. Wazee niliokuwa nawahudumia walijifunza kuupiga mluzi. Bibi mmoja ambaye hakumbuki watoto wake aliukumbuka wimbo ule mwanzo mpaka mwisho, na alinishika mkono akataka tucheze. Nilicheza naye, ningefanyaje? Nilicheza huku natamani kuvunja kitu.

Mchumba wangu akaja na wazo. Alisema kama mpiga ngoma ndiye aliyenipokea, basi mpiga ngoma aniachilie, aandike maneno mawili kwamba hanidai. Nilimwambia amerukwa na akili. Kisha nikaandika. Nikawaandikia wale vijana kwenye ukurasa wao, Kiingereza safi, kwa heshima zote, nikieleza habari za vitenge na shangazi. Nikajibiwa palepale. Walinitumia moyo mwekundu na mahali pa kununua tiketi za onyesho lao.

Mama je? Mama alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Na ndicho ninachokumbuka sasa, na ndicho nilichotakiwa kukiona wakati ule. Alitwanga sombe yake, kisamvu chetu, akafuma vitambaa vyake, na wimbo ukipigwa dukani chini ya nyumba yetu, alikuwa akipiga makofi mahali pake pa makofi, taratibu, anatabasamu. Nikimlilia kuhusu shangazi, alisema hivi: “Kama bale batu habakutaki, baache. Nyumba iko hapa. Chakula kiko.” Halafu ananiuliza kesho tunakwenda saa ngapi kwa daktari wa macho.

Ni lazima niseme tulivyokuwa tunaishi. Mimi ndiye mtoto niliyebaki naye. Mimi ndiye miguu yake Buffalo, maana hajui kuendesha na basi analiogopa tangu limpeleke mwisho wa njia akashushwa kwenye theluji asikokujua. Mimi ndiye mdomo wake hospitalini, benki na kwa mwenye nyumba. Akiumwa goti, nauliza mimi “linauma wapi” na najibu mimi kwa daktari. Sikuona mzigo. Nililalamika, ndiyo, mimi ni mtu wa kulalamika hata juu ya hali ya hewa nzuri. Lakini sikuona mzigo, na wala sikuwahi kukaa nikafikiri ni nani atafanya hayo nikiwa Columbus. Nilijiambia tutaona.

Mwishowe mjomba akaitisha kikao. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Anafanya kazi ya kufunga maboksi Jeffersontown, lakini nyumbani kwake Newburg, mtaa wa Louisville, yeye ni jaji mkuu, waziri na mchungaji. Alimpigia mama, akampigia shangazi, akasema wote waje Louisville, jambo hili liishe kabla halijatuchafua. Akaongeza kwamba amenunua televisheni kubwa na video tutaitazama wote, neno kwa neno.

Tuliondoka Buffalo alfajiri, mama kiti cha mbele na kikapu cha chakula mapajani. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Nilimwambia mama atakavyosema: kwamba ulikuwa mchezo, kwamba aliombwa tu. Mama aliitikia “mm”. Columbus hatukusimama, ijapokuwa ndiyo iko katikati ya safari. Shangazi na mchumba wangu walikuwa wametangulia. Nilipoiona ile mitaa kando ya barabara kuu nikapunguza mwendo. Pale, nyuma ya yale maghala, ndipo nilipokuwa nataka kuishi. Nikamwonyesha mama kwa kidole. Mama akaangalia upande mwingine, akaniuliza kama nina njaa.

Kwa mjomba tulikuta viti vimeazimwa kwa majirani. Mjomba ametoka kazini muda huohuo, amevaa koti la suti juu ya suruali yake ya kazi. Mchumba wangu ameketi pembeni, mikono katikati ya magoti, amenisalimia kwa macho tu. Watoto wa mjomba walikuwa korido wanaimba wimbo wenyewe kwa Kiingereza, wakafukuzwa nje. Tukaomba. Mjomba akahutubia. Alihutubia sana. Halafu akawasha.

Nilikuwa nimeiangalia video ile mara nyingi kuliko nilivyoiangalia sura yangu kwenye kioo, lakini kwenye simu, na siku zote najiangalia mimi tu: pua yangu, sweta langu, aibu yangu. Kwenye televisheni ya mjomba tulikuwa wakubwa kama watu wazima waliosimama chumbani. Gitaa likakwaruza. Mwimbaji akaimba na sura yake ya huzuni. Vitenge vikatandikwa, theluji ikadondoka kutoka kwenye paa, mama na mimi tukaja polepole. Mjomba alipangusa macho. Tukafika kitenge cha mwisho, kamera ikahamia kwenye uso wa mwimbaji, na sisi nyuma yake, wadogo kidogo, tukaendelea mbele mpaka tukatoka kwenye picha.

“Simamisha,” shangazi akasema.

Mjomba akahangaika na rimoti.

“Rudisha nyuma. Tena. Hapo! Hapo, baba, simamisha hapo.”

Shangazi akainuka. Akasogea mpaka karibu na kioo, akavua miwani, akaivaa tena, akaweka kidole chake kwenye kona ya picha. Pale chini ya kidole, nyuma ya bega la mwimbaji, ulikuwepo mkono wa mama, na ndani yake mkono wangu. Kitenge cha mwisho kilikuwa nyuma yetu. Mpiga ngoma amenyoosha mkono wake mtupu.

“Hajamuachilia,” shangazi akasema. “Muangalie. Amepita vitenge na mutoto wake mukononi. Amerudi naye nyumbani.” Akacheka kwa sauti, akapiga makofi. Halafu akageuka, kicheko kikapungua. “Mama wa binti, weye ulijua.”

Mimi sikujua. Kwamba binti hajatolewa mpaka mama aachie mkono sikufahamu kabisa, nilifikiri vitenge na wimbo ndio mambo yote. Mjomba naye alikuwa ameduwaa. Akasafisha koo, akakumbuka kwamba yeye ni jaji.

“Dada yangu, sema hapa mbele ya batu. Huyu mutoto ulimuachilia ao hukumuachilia?”

Mama alikuwa anatazama kikapu chake. Akakisogeza kando.

“Sijamuachilia,” akasema.

Weee! Mjomba akaruka. Shangazi akapiga kigelegele, mke wa mjomba akakijibu kutoka jikoni. Mchumba wangu akainuka akajigonga kichwa kwenye taa. Watu wanakumbatiana, watu wanataja tarehe, na mimi nimesimama katikati yao miguu ina moto. Nimepata mume wangu tena, na sina furaha hata tone. Nilikuwa nahesabu tu: wiki zote zile. Kulia kwangu kote. Neno moja la mama lingetosha, na alikuwa nalo mdomoni muda wote anatwanga sombe.

Nikamwambia, “Mama, njoo nje.”

Tukasimama kwenye maegesho, kati ya magari, watoto wa Newburg wanaendesha baiskeli kutuzunguka.

“Ulijua,” nikamwambia. “Uliniona ninavyohangaika. Uliniona silali. Mama, ulijua, na ukanyamaza!”

“Siku ile ya bazungu,” akasema, “nilishika mukono sababu ilikuwa mchezo. Mutoto hatolewi kwa mchezo. Ungekuwa umetolewa, na kesho huyu wa Columbus anakosa. Nilikulinda.”

“Na baadaye? Walipokataa? Hapo ulikuwa unanilinda?”

Mama ana tabia ya kurekebisha kitenge chake kiunoni akikosa neno. Alikifungua, akakifunga. Akakifungua tena.

“Hapo nilifurahi,” akasema. “Nitadanganya juu ya nini? Roho yangu ilifurahi, mutoto. Nilisema, Mungu, asante, amebaki. Nilijua ni dhambi, nikafurahi tu.”

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo tangu mle ndani, makali. Lakini alikuwa mdogo sana kati ya yale magari, na upepo ulikuwa unapeperusha kile kitambaa chake cha kichwa. Nikamwambia nimekasirika. Akasema anajua. Nikamwambia nimekasirika sana na sitasema naye mpaka Buffalo. Akasema sawa. Tukarudi ndani tukala, na kweli sikusema naye, mpaka nje ya Columbus wimbo ule ukaja redioni, na makofi yalipoanza nikamwona anakunja mikono yake mapajani asipige. Nikamwambia, “Piga tu, mama.” Akapiga.

Harusi ilikuwa Columbus, kwenye ukumbi wa kanisa la shangazi, joto la kupasua paji la uso. Mama zangu wa Buffalo walikuja wote kwenye gari la kukodi, na kitenge kipya cha kufanana, cha kijani safari hii, kwa maana kile cha bluu walisema kimeshakuwa cha sinema. Wakatandika. Wakashika ule wimbo. Nilikuwa nimejiapiza sitalia, na kabla ya kitenge cha pili nilikuwa nimeshaharibu uso wote.

Nilikuwa nimefundishwa vizuri sasa. Bibi harusi hageuki nyuma, hasemi neno, na mkono hautoi mwenyewe. Anasubiri. Shangazi alikuwa amesimama mbele, mikono miwili imenyooka, na nyuma yake yule mpole wangu, anatoka jasho. Tukafika kitenge cha mwisho. Mama akasimama. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, umenibana vilevile, kama tunavuka barabara. Akina mama wakaurudia wimbo. Wakaurudia tena. Shangazi hakumhimiza. Watu wote ukumbini walikuwa wanatazama vidole vya mama, na mimi nilisubiri, mimi ambaye sijui kusubiri hata chai ipoe. Ndani yangu kulikuwa na mtu anayesema achia, mama, achia, na mwingine anayesema usiachie.

Kikatoka kidole kimoja. Kikatoka kingine. Halafu mkono wote ukaniacha, hewa ikaingia pale palipokuwa na joto lake, na shangazi akanishika mara moja, akaanza kunivuta, vigelegele vikaupasua ukumbi. Katikati ya kelele hizo nilimsikia mama nyuma yangu. Hakuwa analia. Aliuliza kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuniuliza kesho tunatoka saa ngapi.

“Sasa nani atanirudisha Buffalo?”

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba ni mimi, nikakumbuka kwamba bibi harusi hasemi neno.